Kidole Gumba cha Zamda

Nyumba ninayoishi hapa Kihonda imepakana na shule ya msingi. Asubuhi nikiwa naosha vyombo husikia watoto wakimpongeza mwenzao aliyepata jibu: pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa! Majirani hutabasamu. Mimi huiweka sahani chini taratibu, maana hasira hunipanda naweza kuivunja. Acheni niwaeleze, labda mtanielewa.

Nilikulia milimani Uluguru, kwa bibi mzaa mama, pamoja na Zamda, mtoto wa mama mkubwa. Kwetu Waluguru huyo si binamu, ni dada yako kabisa. Tulilala kitanda kimoja na kugombania shuka moja. Mkono wake wa kulia haukuwa na kidole gumba. Alipokuwa na miaka mitatu alinyoosha mkono kuchukua pingili ya muwa, na panga nalo lilikuwa linashuka.

Kalamu aliishika katikati ya kidole cha shahada na cha kati, na mwandiko wake uliushinda wangu. Kila Jumapili jioni alinikalisha kwenye kigoda, akanisuka mistari iliyonyooka kama matuta ya karoti. Watoto wa jirani walipomtania kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, alinivuta kichwa akajibu, "Mimi ninavyo tisa, na chawa wa huyu haponi hata mmoja." Nilicheka huku ngozi ikiniuma.

Tulipofika darasa la tano, mwalimu wa historia alitufundisha chimbuko la binadamu. Alichora ubaoni nyani, kisha sokwe, kisha zamadamu aliyepinda mgongo, na mwisho mtu aliyesimama wima, kavaa tai. Tai ile ilituchekesha sana. Akauliza, "Kitu gani kilimtenga mtu na nyani?"

Nilikuwa nimechungulia kitabu chake mezani. Nikanyoosha mkono. "Kidole gumba, mwalimu!"

"Mpigieni makofi!"

Wakanipigia. Yalikuwa makofi yangu ya kwanza tangu nianze shule.

Kisha macho yake yakatua kwa Zamda. "Wewe, njoo mbele. Nyoosha mkono wenzako wauone." Zamda akaunyoosha. Mwalimu akaugusa kwa ncha ya fimbo, pale penye kovu. "Mnaona? Asiye na gumba hashiki jembe, hashiki kalamu. Huyu angezaliwa enzi zile, angebaki juu ya mti na wenzake."

Darasa likaangua kicheko. Mmoja akaita kutoka nyuma, "Zamda zamadamu!" Jina likanasa.

Zamda hakulia. Alinitazama mimi. Kichwani nilikuwa na mistari aliyonisuka jana yake kwa mkono ule ule. Ilitosha nisimame niseme, "Mwalimu, aliyenisuka ni huyu." Lakini nilikuwa bado naonja utamu wa makofi yangu. Nikacheka na wenzangu.

Alivumilia jina lile majuma mawili. Asubuhi moja akaikunja sketi ya shule, akaiweka juu ya sanduku. "Bibi, mimi siendi tena."

"Una nini, mwanangu?"

"Kichwa kinaniuma."

Bibi akampeleka zahanati, akarudi naye na vidonge. Mimi niliyeujua ugonjwa wenyewe nilibeba madaftari yangu nikaenda shule. Kabla mwaka haujaisha Zamda alihamia Dakawa kwa mama yake, akaingia majarubani kupanda mpunga. Yuko huko mpaka leo.

Mwaka jana mwanangu wa kidato cha pili aliacha kitabu cha baiolojia mezani. Nikakifungua, nikakuta ukurasa wa mikono ya nyani na jamaa zake. Nyani ana gumba. Sokwe analo. Asiye nalo ni mbega, yule mweusi mwenye manyoya meupe mabegani, wa msitu wa juu ya kijiji chetu. Lake limebaki kinundu tu, na anaruka mti hadi mti. Darasa zima tulikuwa watoto wa wakulima! Nyani tuliwafukuza mashambani kila msimu, tukawaona wakimenya mahindi yetu kwa magumba yao. Mtu mzima alisimama mbele yetu na fimbo, akafundisha uongo, akauthibitisha kwa mkono wa mtoto.

Nikakichukua kitabu kile mpaka Dakawa. Nilimkuta Zamda anapepeta mchele. Nikamfungulia ukurasa, nikamweleza yote kwa pupa, kama mtu aliyeleta dawa. Aliniacha nimalize.

"Kwa hiyo mwalimu alikuwa hajui," akasema.

"Alikuwa hajui, dada!"

"Na wewe?"

"Mimi ningejulia wapi kwamba mbega hana gumba?"

"Sisemi mbega." Akaweka ungo chini. "Wewe ulikuwa unajua kwamba ninashika kalamu."

Akauinua tena ungo, akaendelea kupepeta, akaniuliza kama nitakula wali au nawahi gari.

Nilikula, kwa shida. Njiani kurudi ndipo nilipoelewa kwa nini hasira hii haijawahi kupoa. Miaka yote nimekuwa nikimlaani yule mwalimu kwa ujinga wake. Ujinga alikuwa nao, sibishi. Mimi sikuwa nao.