Kuonja Si Kula

Duniani kuna watu wa kucheka na watu wa kuchekwa, na Bi Upawa alijihesabu siku zote katika kundi la kwanza. Alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha magodoro. Wafanyakazi ndio waliombandika jina hilo, kwa sababu upawa haukumtoka mkononi tangu anapowasha majiko mpaka trei ya mwisho inaporudi. Alimcheka aliyekonda na alimcheka aliyenenepa. Waliomfurahisha kuliko wote ni wanawake wanaosema, "Mimi wala sili, sijui mwili huu unatoka wapi." Hao aliwajibu, "Unaingilia mdomoni, mama, hapo hapo unapotokea uongo."

Basi nyani haoni kundule. Mwili wa Bi Upawa ulikuwa umerudi. Nasema umerudi kwa sababu uliwahi kuondoka. Kuna wakati alikata sukari na vitafunwa, akawa anaamka alfajiri kutembea, akapungua kweli kweli, mpaka akanunua magauni mapya na yale makubwa akayagawa kwa ndugu. Kuyagawa ndilo kosa. Mwili uliporudi, ulirudi na jamaa zake wote, ukakuta kabatini hakuna cha kuvaa.

Angeubeba bila aibu kama si goti. Goti la kulia lilikuwa likilia kama bawaba ya mlango mbovu, na jioni lilivimba mpaka akawa anapanda kitandani kwa kuuinua mguu kwa mikono miwili. Daktari wa mifupa alitazama picha yake kwenye mwanga, akasema bila kuzunguka, "Hili limekwisha, mama. Lazima tulipasue. Lakini kwa uzito huu silishiki. Nenda upungue kwanza, ndipo tupange siku." Na meneja wa kiwanda alishatangaza kwamba jikoni hakupikwi kwa kukaa kitini, asiyeweza kusimama atatafutiwa mtu wa kushika nafasi yake. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: asipopungua hapasuliwi, asipopasuliwa hasimami, asiposimama amemwaga unga.

Hapo ndipo alipoingia wifi yake. Huyu alikuwa dada wa mumewe, mwanamke ambaye hajawahi kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu wala kutoka bila kuuza kitu. Ameshauza mafuta ya kuotesha nywele, masufuria yasiyoshika moto, na dawa ya mende iliyowanenepesha mende. Safari hii alikuja na makopo ya unga, juu yake picha ya mwanamke mwembamba anayecheka peke yake.

"Wifi, hii ndiyo sheki," akasema akilipigapiga kopo. "Inakaa mahali pa chakula. Asubuhi kikombe, mchana kikombe, usiku unakula kidogo tu. Mwezi mmoja, kaka hatakutambua."

Mume wa Bi Upawa, fundi viatu, alikuwa pembeni akishona soli. Hakuinua kichwa. "Nisipomtambua, nani atamfungulia mlango?"

"Wewe endelea na viatu vyako, kaka. Haya ni mambo ya afya."

Unga ule ulikuwa hauchanganyiki. Ukiukoroga unafanya madonge, ukiuacha unatuama, ukiutikisa unatoa povu. Kopo lilisema ladha yake ni stroberi. Bi Upawa alisema ni chokaa iliyotiwa manukato. Lakini aliunywa, na mtu akinywa kitu kibaya kwa hiari hujiona bora kuliko wenzake. Mchana, wapishi wakikaa kula, yeye alisimama mbele yao na kikombe chake, akipiga funda kwa kishindo ili waone.

"Kuleni, kuleni," alimwambia msaidizi wake. "Wengine tumejitawala."

Msaidizi huyu walimwita Bi Taratibu, mjane wa makamo asiyeharakisha kitu chochote, hata kupepesa macho. Alikuwa ameosha, amemenya na amekata katika jiko lile kwa miaka mingi, lakini hakuwahi kuonja. Hiyo ndiyo sheria waliyoikuta pale: anayeonja ni mmoja, na anayeonja ndiye mwenye jiko. Mwingine akitia kidole sufuriani amevunja heshima. Bi Upawa aliishika sheria hiyo kama haki ya kuzaliwa. Kila alipomwona Bi Taratibu anachungulia mchuzi, alimwambia, "Kazi yako vitunguu."

Wapishi wengi huonja kwa kudondoshea tone kiganjani na kulilamba. Bi Upawa pia alianza hivyo. Kisha akasema tone halisemi kweli, akaanza kujaza kiganja. Kisha kiganja kikawa kinaungua, akaleta kibakuli. Hakuona kilichotokea. Alijiona bado analamba tone, na kila akirudi nyumbani alimwapia mumewe kwamba tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni ila ule unga wa dada yake.

Baada ya mwezi alirudi kliniki akiwa amevaa nguo nyepesi makusudi. Nesi alimpandisha kwenye mizani, akatazama, akamwomba ashuke, akampandisha tena.

"Mama, umeongezeka."

"Mizani yenu mbovu."

"Imemshusha kila mtu leo, mama. Labda wewe ndiye hujaielewa."

Hakusubiri kumwona daktari. Alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake, akamkuta anakula, sahani imejaa, makopo yamepangwa nyuma yake kama wanajeshi. Akampa vidonge vyake. Alimwita tapeli, mwuza chokaa, adui wa nyumba ya kaka yake. Wifi alitafuna kwanza, akameza, kisha akasema kwa upole wa mtu asiyerudisha pesa, "Wifi, unaukoroga kuelekea upande gani?"

Jioni ile Bi Upawa alilia, na tuseme kweli, hakulia kwa ajili ya mwili. Alilia kwa kuogopa. Alijiona amekaa nyumbani na goti lake, na mtu mwingine ameshika upawa. Mumewe aliweka sindano chini.

"Na kule jikoni huli kabisa?"

"Kule sili. Naonja."

"Unaonja."

"Kuonja si kula! Hata mtoto anajua."

Mzee akafikiri. "Basi kesho siku yako ya mapumziko. Pika hapa, uonje kama unavyoonja kazini. Usipunguze, usiongeze."

Alikasirika, lakini alipika, kwa sababu alijua atashinda. Nyama na viazi, sufuria ya watu wawili. Vitunguu vilipogeuka rangi, akachota kidogo kujua kama mafuta yameiva. Nyama ilipoanza kulainika akala kipande, kisha kingine, maana kipande kimoja kinaweza kudanganya. Akajaribu kiazi. Akachota mchuzi kwenye kibakuli, akaupuliza, akaunywa, akatikisa kichwa, akatia chumvi, akachota tena. Kisha akachukua wali, kwa kuwa mchuzi hauonjwi peke yake, huonjwa na wali wake. Alifanya yote hayo kwa uso wa kazi, paji limekunjwa, kama mtu anayepima dhahabu.

Mumewe alisogea akachungulia sufuriani. Sehemu nzuri ya nyama ilikuwa imeshakwenda zake.

"Umemaliza kuonja?"

"Bado chumvi."

"Mke wangu, umeshakula chakula chako. Ukimaliza na chumvi, utakuwa umekula na changu." Akafunika sufuria, akakaa juu ya kifuniko kwa utani, akaruka kwa sababu kilikuwa cha moto. "Na hapa ni sufuria moja. Kule kuna ngapi?"

Bi Upawa alikaa kwenye kigoda akakitazama kibakuli mikononi mwake, na kwa mara ya kwanza akaona ukubwa wake.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, lakini kuinama kwa mtu mwenye kiburi kuna taratibu zake. Kwanza alijaribu kuonja na kutema. Wafanyakazi wakamwona kupitia dirisha la kugawia, na kabla ya saa sita kiwanda kizima kilikuwa na habari kwamba mpishi mwenyewe anakitema chakula chake. Nusu yao wakaenda kula barabarani. Kisha akajaribu kutoonja kabisa, akapika kwa kukisia, na maharage yakatoka kama yamechemshwa kwa maji ya bahari. Siku ya tatu alisimama mbele ya majiko, goti linamwaka, akamwita Bi Taratibu bila kumtazama.

"Onja wewe."

Bi Taratibu alinawa mikono. Alidondosha tone kiganjani, akalilamba, akasimama akifikiri muda mrefu mpaka Bi Upawa akatamani kumsukuma.

"Sema basi! Watu wana njaa."

"Chumvi imetosha, dada. Tusiongeze. Tutie ndimu kidogo."

Ndimu! Bi Upawa alicheka kwa pua. Alivuta kiti akakaa karibu na dirisha la kurudishia trei, asubiri malalamiko, na alikwisha kuyaandalia majibu. Trei zilirudi tupu. Kesho yake zikarudi tupu. Alitazama nyuso za wale watu, wanaomsifia kila siku mkono wake, akitafuta hata mmoja aliyekunja uso. Hakuna aliyekunja. Akawadharau wote: watu wa kulala kwenye magodoro, alisema moyoni, wanajua nini kuhusu mchuzi?

Ule unga aliutupa, au tuseme alimrudishia wifi yake, ambaye aliufunga upya na kumuuzia jirani. Akawa anakula sahani yake moja mchana na moja usiku, kama watu. Mwili ukaanza kutoka pole pole, kwa kinyongo. Mizani ya kliniki ikapona ghafla. Daktari akatazama, akaguna, akampangia siku ya upasuaji.

Siku ya mwisho kabla ya kwenda hospitali, aliona ni haki awaage watu wake. Alisimama dirishani wakati zamu ya kwanza inamaliza kula, akapiga upawa kwenye bati.

"Wanangu, nakwenda kutibiwa. Wiki nitakazokuwa sipo, vumilieni. Mtakachokuta ndicho hicho."

Fundi wa mashine ya kukatia sponji, mwenye vipande vya sponji nywelini, aliinuka na trei yake. "Nenda ukapone, Mama. Ila ukirudi, upike hivi hivi unavyopika siku hizi. Zamani chumvi ilikuwa inatuchoma, tulikuwa tunaogopa tu kukwambia." Mezani wakacheka, wakaitikia. "Kweli kabisa, Mama! Siku hizi umetuonea huruma!"

Ilimuuma. Ilimuuma kuliko goti, na ilimuuma zaidi kwa kuwa walisema kwa mapenzi. Angeweza kuichukua sifa ile akaenda nayo hospitali, na kwa jinsi tunavyomjua, ndivyo ambavyo ungetarajia afanye. Lakini Bi Taratibu alikuwa amesimama karibu sana nyuma yake, anasikia.

"Si mimi," akasema Bi Upawa. "Anayeonja siku hizi ni huyu mwenzangu."

Fundi alimtazama, akamtazama Bi Taratibu, kisha akaangua kicheko mpaka trei ikamcheza mikononi.

"Huyu? Mama bwana, kwa utani! Si wewe mwenyewe unayetuambia kila siku kwamba huyu ukimwachia maji ya moto, yataungua?"

Meza nzima ikapasuka. Mmoja akaongeza lingine alilowahi kusema Bi Upawa kuhusu mjane huyo, na mwingine lingine, na yote yalikuwa yake kweli, maneno yake mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe waliyoiigiza vizuri. Aliinua mkono kuwanyamazisha. Walidhani anaendeleza mchezo. Waliondoka wakicheka, wakimwombea afya njema.

Bi Taratibu alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria kwa mikono miwili.

"Ulikuwa unawaambia hivyo, dada?"

Bi Upawa hakugeuka upesi. Alishika kingo za dirisha, akauzungusha mguu mbovu kwanza, kisha ule mzima.

"Nilikuwa nawaambia."

Bi Taratibu akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeonja na kupata jibu. Akafunika wali usipoe, maana zamu ya pili ilikuwa inaingia.