Honorata na Maji ya Pukaqaqa

Jua bado halijafika kwenye miamba ya Pukaqaqa, lakini Honorata Huisa ameshaanza kupasua barafu kwa ncha ya sururu. Anapiga mara mbili, anainama na kutega sikio. Chini ya barafu maji yanapita.

"Yapo," anasema, kisha anaendelea kupanda mlima.

Huko chini alpaka wake themanini na sita, wanyama wa sufu wanaofanana na ngamia wadogo wasio na nundu, wamesimama ndani ya zizi la mawe, shingo zote zimeelekea mlangoni. Hawafunguliwi mpaka umande ulioganda uyeyuke juu ya majani. Mtoto wa alpaka akila nyasi zenye barafu huharisha, na jioni unamzika. Yeny, bintiye wa miaka kumi na tisa, ndiye atakayelifungua zizi.

Honorata ana miaka hamsini na miwili. Ni mfupi, amevaa sketi tatu za sufu moja juu ya nyingine, na miguuni ana ndala za tairi bila soksi. Kidole cha mwisho cha mkono wake wa kushoto hakipo. Kilisagika chini ya jiwe alipokuwa akichimba mfereji huu, ambao kila asubuhi huutembea wote, kilomita tatu, kabla ya kunywa chochote.

"Mkulima huangalia shamba lake," anasema. "Mimi naangalia maji. Maji yakiwepo, nyasi zipo. Nyasi zikiwepo, alpaka watajilea wenyewe."

Miaka kumi na miwili iliyopita hapakuwa na nyasi za kuangalia. Mumewe, Lucas Ccallo, alirudi kutoka machimbo ya dhahabu na kifua kibovu. Hakumaliza mwaka. Alimwachia mjane mtoto wa miaka saba, alpaka ishirini na watatu, na mteremko mkavu ambao jumuiya ya kijiji iliwagawia kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka.

Alpaka si mnyama wa nyasi ngumu. Anataka kinamasi, majani mafupi laini yanayoota kwenye majimaji. Mwaka ule wa kwanza walizaliwa watoto kumi, na sita wakafa kwa sababu mama zao hawakuwa na maziwa.

"Niliwachuna ngozi mmoja mmoja," Honorata anasimulia. "Wa sita nilipomaliza, nikasema basi. Nikachukua sururu."

Chemchemi ilikuwapo, lakini mbali, nyuma ya bega la mlima. Alijifunga kibwebwe akaanza kuchimba. Asubuhi alichunga, mchana alichimba, huku Yeny akiwazuia alpaka wasipotee. Watu waliokuwa wakipita kwenda mnadani walisimama kumtazama.

"Honorata, unachimba kaburi la nani refu hivyo?" mmoja alimpigia kelele.

"La maneno yako!" akamjibu, bila kuinua kichwa.

Wengine walimshauri aolewe, apate mwanamume wa kumsaidia. Kwao alikuwa na jibu linalowachekesha mpaka leo. "Alpaka jike akishapata mimba, dume akimsogelea humtemea mate. Mimi nina mimba ya mfereji. Msinisogelee!"

Ilimchukua miaka minne. Maji yalipofika kwenye mteremko kwa mara ya kwanza, yalitembea hatua mia mbili kisha yakaingia kwenye ufa wa mwamba na kupotea. Alijaza udongo, yakausukuma. Alijaza mawe na samadi, yakapenya. Siku ya tatu alirudi nyumbani, akafungua sanduku, akatoa kitu ambacho hakumwonyesha hata mwanawe. Ufa ukazibika.

Miaka miwili baadaye mteremko ulikuwa kijani. Leo, katika watoto kumi wanaozaliwa, anapoteza mmoja, na mwaka mbaya wawili. Manyoya anayonyoa kila Novemba humpa fedha, kama soli elfu tatu na mia sita. Si utajiri, lakini ndizo zilizomsomesha Yeny mpaka kidato cha mwisho.

Kijani kile kilionekana toka mbali. Mwaka jana mwezi Machi, Zenobio Ccallo, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akiuza matairi mjini Juliaca, alikuja na alpaka arobaini kwenye malori mawili. Aliwashusha moja kwa moja kwenye kinamasi.

"Shemeji, karibu," Honorata alimwambia. "Wanyama wako wamechoka, wanywe maji. Kesho mnaondoka saa ngapi?"

"Tunaondoka kwenda wapi?" Zenobio akacheka. "Hapa ni kwa mdogo wangu. Angalia daftari la jumuiya, limeandikwa Lucas Ccallo. Wewe umeandikwa wapi?"

Ilikuwa kweli. Katika daftari la jumuiya, malisho huandikwa kwa jina la mwanamume. Mjane hutunza tu, mpaka mtoto wa kiume akue, na Honorata hakuwa na mtoto wa kiume.

Shauri lilifika kwenye mkutano wa Aprili. Watu themanini walikaa uwanjani, wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini. Mwenyekiti, Don Marcelino Turpo, alipendekeza mapatano: nusu kwa nusu, ili ukoo usivunjike.

Honorata alisimama. "Don Marcelino, nusu ipi? Ya juu maji yanakoingia, au ya chini yanakotokea? Ukimpa ya juu, ananikausha. Ukimpa ya chini, analalamika namkausha. Sitaki nusu."

"Ana kiburi mwanamke huyu!" Zenobio alisema. "Mfereji umepita kwenye ardhi ya mdogo wangu, kwa hiyo ni wa mdogo wangu."

"Sawa," akasema Honorata. "Basi atutangulie shemeji. Atuonyeshe mfereji wa mdogo wake unapita wapi."

Uwanja ulicheka. Mzee mmoja akainuka na fimbo yake, akasema yeye anakwenda. Hapo ikawa aibu kubaki. Wote wakapanda.

Zenobio aliongoza vizuri mpaka kwenye kifusi cha mawe, mahali maji yanapojificha chini na kutokea upande wa pili. Hapo alisimama, akatazama huku na huku, akashika korongo la kushoto. Watu wakamfuata. Korongo lilikuwa kavu tangu dunia iumbwe.

"Shemeji," Honorata alimwita kutoka nyuma, "huko ni kwa mbweha. Maji yako huku."

Kuanzia hapo aliongoza yeye. Aliwaonyesha mahali pa kuinua mlango wa jiwe wakati wa mvua kubwa, na mahali udongo unapoliwa na panya. Aliwaonyesha jiwe lililochukua kidole chake. Walipofika kwenye ufa, Don Marcelino alipiga magoti na kutia mkono majini.

"Hapa ulizibaje? Naona sufu."

"Ni joho la Lucas. Lile la harusi."

Kisha Zenobio akapaza sauti, uso umemwiva. "Umelizika joho la ndugu yangu kwenye matope?"

"Nimelipatia kazi," akamjibu. "Miaka saba linazuia maji, halijachoka. Wewe ulipokuja kumzika ulimletea nini, shemeji? Ulikuja?"

Hakuwa amekuja. Kila mtu pale alijua.

Kura zilipigwa palepale mlimani, kwa kunyoosha mikono. Arobaini na moja walimwunga mkono Honorata, thelathini na saba walimkataa, wengine walitazama viatu vyao. Jina lake likaandikwa. Ni la kwanza la mwanamke asiye na mume katika daftari lile.

Zenobio aliwapakia wanyama wake na kuondoka bila kuaga. Lakini thelathini na saba si wachache, nao ni majirani. Mara mbili tangu wakati huo Honorata ameukuta mfereji umebomolewa, si na mvua. Aliuziba, hakumuuliza mtu. Jumapili iliyofuata alisimama mnadani na sururu begani, akamsalimia kila mwanamume kwa jina lake, mmoja baada ya mwingine, polepole.

"Nilitaka wajue nimeamka," anasema.

Saa tano jike mmoja wa rangi ya majivu amejitenga na kundi. Alpaka huzaa mchana, jua likiwapo, na Honorata anakaa chini kumngoja, mfuko wa viazi vikavu na jibini mapajani. Yeny anakaa kando yake, anasokota uzi.

Mkutano ujao ni mwezi ujao. Katika jumuiya kuna wajane watatu wengine wanaotunza malisho yaliyoandikwa kwa majina ya marehemu waume zao. Mmoja, Nicolasa, ana kesi na mjomba wa mumewe. Honorata ameshawatembelea wote. Watakwenda pamoja, na hawatakaa chini. Watakaa kwenye benchi la mbele, hata ikibidi wafike alfajiri kulikamata.

"Mama, na wakikataa?" Yeny anauliza.

Honorata anamega jibini, anampa binti kipande kikubwa.

"Watakuwa na kazi ya kuwakataa wanawake wanne. Mwaka jana walijaribu kumkataa mmoja, ikawashinda."