Vichwa vya Habari Anavyovitafuta Mgonjwa

Mwanangu, kila ukinionyesha kurasa zako za mtandaoni, naikumbuka siku ambayo dada yangu Ng'washi aliumwa na nyoka tukipalilia pamba huku kwetu Songwa. Alipiga ukelele mmoja tu, akakaa chini, na mguu ukaanza kuvimba tukiuona, tukaufunga kamba.

Zahanati walituambia dawa ya sumu ya nyoka hawana, twende hospitali kubwa. Ipi yenye dawa? Hawakujua. Tukasimama njia panda, dada yuko juu ya pikipiki, mama kamkumbatia kwa nyuma, dereva ameshawasha injini ananiuliza: Kahama au Shinyanga? Nikafungua ukurasa wa hospitali moja kwenye simu, nikapanda juu, nikashuka chini. Nilisoma habari za jengo jipya. Nilisoma salamu za mkuu wa hospitali. Dada akaanza kutapika.

Mjomba Masanja alikuwa ametufuata hadi pale. Macho aliyapoteza kwa baruti machimboni Geita, na simu yake ilikuwa ikimsomea kwa sauti, ikiruka kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine. Akaniuliza jina la hospitali, akaufungua ukurasa uleule. Simu ikasema: Karibu. Tunakujali. Safari yetu.

"Hawa wanajisifu," akasema. "Tafuta wengine."

Ukurasa wa pili ulikuwa na maandishi manene, meusi. Nikamwambia vichwa vipo, naviona. Simu yake haikukitaja hata kimoja.

"Wewe unaviona, mimi vinanipita. Wamenenepesha herufi tu, hawakuziwekea alama ya kichwa ambayo simu huitambua."

Dereva alikuwa akivuta mafuta pale pale tuliposimama. Ndipo ukurasa wa tatu ukatamka: Kuumwa na nyoka, dawa ipo saa zote. Chini yake palikuwa na namba ya simu. Nikapiga. Muuguzi akasema tumlete Shinyanga mjini, na ile kamba tuliyomfunga mguuni tuifungue mara moja.

Ng'washi alipona, wewe mwenyewe umekula ugali wake. Lakini mimi, mwanangu, mpaka leo situlii. Nikikuta kichwa cha habari kisichosema kitu, nauona mguu ule.

Sasa umeajiriwa kuandika kurasa za hospitali, nami nimeona ulichoandika jana: "Tumaini Jipya." Tumaini la nini, mwanangu? Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Andika maneno ambayo mwenye shida angeyatamka mwenyewe. Kichwa kiwe kifupi, kitaje jambo lenyewe, na chini yake pawe na hilo hilo ulilolitaja. Kiwekee alama ya kichwa cha kweli, kikubwa kitangulie na vidogo vifuate kwa mpangilio, ili asiyeona asipotee. Ukimaliza, msomee mtu vichwa vitupu, bila habari zake. Asipojua aende wapi, futa uandike upya, hata kama mkuu wako alivipenda.

Usione nakusumbua. Kuna mtu amesimama njia panda sasa hivi.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungue akili, akulainishie mkono, na kila atakayekuja kwako na shida aipate njia mapema.