Karani wa Kuita Majina

Levi alikuja Mombasa kutoka Ukambani baada ya kumzika mkewe, akapata ukarani katika ghala moja la kahawa huko Mbaraki. Kazi yake ilikuwa kuita majina. Kila asubuhi alisimama langoni akiwaita wanawake wachambuaji kahawa mmoja mmoja, nao wakiitika, "Labeka!", kila mmoja kwa sauti yake. Mwanakuu, mama mtu mzima wa Mji wa Kale, hakukosa la kuongeza: "Labeka, karani. Umeamkaje, baba?" Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya Levi kutwa nzima. Chumbani kwake Ganjoni hakukuwa na wa kumuuliza amekula nini.

Mwaka wa sitini na sita mwenye ghala akaleta saa ya kugonga kadi. Mtu alitumbukiza kadi yake, mashine ikalia, ikapiga chapa ya saa aliyoingia. Hapakuwa tena na haja ya kuita mtu. Levi akapewa kiti kando ya saa ile, achunge mtu asigonge kadi isiyo yake. Wanawake wakawa wanapita mbio, macho kwenye kadi. Hata Mwanakuu hakupata nafasi ya salamu, foleni ilimsukuma.

Asubuhi moja mashine ililia mara mbili kwa mtu mmoja. Levi akainua macho, akamwona Mwanakuu.

"Mama, hiyo ya pili ya nani?"

"Ya Mejumaa," Mwanakuu akanong'ona. "Mwanawe hawezi, amelazwa. Naye hana mume. Wakimkosa hapa wataandika mwingine. Tusitiri, baba."

Levi akageuza uso. Kesho yake akaugeuza tena.

Haukupita muda, mnyapara akaona mahali pa Mejumaa pako wazi ilhali kadi yasema yumo. Levi akaitwa ofisini.

"Nani amegonga kadi hii?" meneja akauliza.

"Mimi. Aliniomba ruhusa amuuguze mwanawe, nikampa."

"Ruhusa ni yako wewe kutoa?"

Levi alifukuzwa papo hapo. Mejumaa akasamehewa bila hata kuitwa, na kwa kuwa meneja hakutaka wanawake wajue kwamba mashine yake yaweza kudanganywa, habari ikaishia mle mle ofisini. Levi alipopita uani kutoka, wote walikuwa wameinamia kahawa. Hakuna aliyeinua kichwa.

Akapata kibarua cha kupakia malori Makupa. Siku moja, katika pitapita zake Biashara Street, akakutana na Mwanakuu.

"Karani! Ndiyo umetutupa? Mnyapara asema umepata kazi bora kuliko yetu."

Levi akauliza, "Mtoto wa Mejumaa hajambo?"

"Kapona, alhamdulillahi. Na mamake yuko kazini, hawakumgundua."

"Vyema, mama."

"Nyinyi watu wa bara," Mwanakuu akasema, akicheka kicheko kisichofika machoni, "mwaondoka bila kuaga, kana kwamba hatukujuana."

Akaingia dukani kuchagua leso. Levi alisimama kidogo kivulini, akiisikia sauti yake humo ndani ikibishana bei na mwenye duka. Kisha akashika njia ya Makupa, ambako lori la jioni lilikuwa bado halijapakiwa.