Vikombe Vilivyobaki Kichanjani

Andika kama ninavyotamka, mjukuu wangu, wala usinipambie. Sikukaa darasani hata siku moja, lakini kwa miaka sita nilikuwa mpishi wa shule ya msingi ya kijiji chetu, huku Tarime, wakati watu walipokuwa wakimiminika kuchimba dhahabu. Kutoka jikoni kwangu nilisikia mashine za kusagia mawe zikinguruma ng'ambo ya kilima tangu asubuhi.

Nilipika uji wa mtama na muhogo. Nafaka ilitoka kwa wazazi, kila kaya na debe lake baada ya mavuno. Kwetu mwanamke hapiki kwa kuhesabu vichwa. Watoto hawahesabiwi, ni mwiko, na chunguni huachwa fungu la atakayechelewa. Nilipika hivyo hata shuleni. Lakini watoto walipoanza kwenda machimboni, uji ulibaki ndoo nzima, kisha mbili, nikawa naumwaga kwenye shimo nyuma ya jiko. Mbwa wa kijiji kizima waliijua saa ya mapumziko.

Mzee mmoja wa kamati ya shule akaliona jambo hilo. "Mama mpishi," akaniambia mbele ya kikao, "mtama wangu niliulima kwa jembe la mkono. Sikujua nawalimia mbwa."

Watu wakacheka. Niliona aibu, maana nyumbani kwangu hata ukoko haukutupwa.

Mwalimu mkuu akaagiza uji usimwagwe tena. Kwa kuwa sikuweza kusoma daftari la mahudhurio, nilibuni njia yangu. Kila mtoto alikuwa na kikombe chake cha bati, chenye alama yake: uzi, mkwaruzo, tone la rangi. Nilifunga kichanja cha miti nje ya jiko, vikombe vyote vikapangwa hapo. Asubuhi mtoto alichukua chake na kukiweka mezani kwangu. Vilivyobaki kichanjani ndivyo vilivyoniambia nipunguze unga kiasi gani. Kikombe kilichokaa siku tatu bila mwenyewe nilikiondoa, nikakitia kwenye gunia. Nilijiambia kuwa sihesabu watoto, nahesabu bati. Ndivyo nilivyojidanganya.

Shimo likakauka, mbwa wakahama. Mwalimu mkuu akanisifu mbele ya wazazi, nami nikasimama wima kama niliyezawadiwa ng'ombe. Hakuna aliyeuliza kwa nini gunia linajaa.

Mwanangu wa mwisho, mjomba wako ambaye hukumkuta, alikuwa darasa la sita. Naye alianza kutoroka kwenda kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu, kubeba mawe. Nilimchapa, akazidi, akawa analala hukohuko. Kikombe chake kilikuwa na uzi mwekundu niliomfungia kwa mkono wangu. Siku ya tatu nilikiondoa kama vya wengine. Sikutaka isemwe kwamba mpishi ana upendeleo.

Siku ya tano akaja, wakati wa mapumziko. Vumbi la mawe lilikuwa limezigeuza nyusi zake nyeupe kama za mzee. Wenzake wakamzunguka, wakimwita mura, yaani kijana, kwa Kikurya chetu.

"Mura, tajiri amekuja! Tununulie soda!"

"Tulieni, nyie. Tajiri mwenyewe hajanywa hata chai," akajibu akicheka. Kisha akakitazama kichanja, akakipitia kwa macho mara mbili. "Shikamoo, mama. Kikombe changu kiko wapi?"

"Kwenye gunia, pamoja na vya wachimbaji wenzako."

"Basi nipe hata ukoko."

"Sufuria ni tupu. Hapa hapikiwi mtu asiyekuwepo."

Alikuwa amekuja na daftari, amelikunja na kulitia kwenye mfuko wa kaptula. Nililiona, nikageukia kuosha sufuria. Nilidhani njaa itamfundisha. Alisimama kidogo, wenzake wakasuuza vikombe vyao, kengele ikagongwa. Wao wakaingia darasani, yeye akashika njia ya kilimani.

Siku mbili baadaye, baada ya mvua, duara lilititia naye akiwa ndani. Walimtoa mchana, akiwa na kaptula ileile.

Waliokuja kunipa pole walisema ni mipango ya Mungu. Sibishani na Mungu. Wala sisemi kwamba kikombe cha uji kingeuzuia udongo. Nasema alikuja shuleni kwa miguu yake, na mimi ndiye niliyemrudisha.

Niliporejea kazini nililimwaga gunia lote chini, nikaviosha vikombe kimoja kimoja, nikavipanga tena kichanjani. Nikapika uji wa wote. Ukabaki, nikaumwaga, mbwa wakarudi. Mwalimu mkuu akaja akasimama mbele ya kichanja.

"Mama, kamati itasema."

"Na iseme."

Akautazama ule uzi mwekundu, akaondoka.

Kamati ilisema, na mwisho wa muhula jiko akapewa mwingine. Lakini kabla ya hapo, asubuhi moja, alirudi binti wa darasa la tano aliyekuwa akiponda mawe kule kilimani. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka. Alikikuta kikombe chake mahali pake, akakileta mezani kwa mikono miwili. Alikunywa viwili bila kuinua macho. Hakuwa wangu. Nilimjazia cha tatu.