Kufuata Ng'ombe wa Karatasi hadi Rusizi

Mke wangu husema nyumba yetu ya Ujiji ina pesa nyingi ajabu, na zote pamoja haziwezi kununua kiberiti. Ni kweli. Mimi ni fundi saa, na nikishamaliza saa za watu hukaa na albamu zangu za noti zilizokwisha kufa: za Mjerumani, za Mwingereza, na hasa zile zilizotolewa kwa ajili ya Rwanda na Burundi kwa pamoja, miaka ile karibu na uhuru, kabla kila nchi haijawa na fedha yake. Kila noti ya kundi hilo ina mnyama wake. Swala ninaye, kiboko ninaye, mamba na simba jike ninao. Kifaru na punda milia ni wa matajiri, hao nimewasamehe. Lakini ng'ombe wa faranga mia, mwenye nundu, alikuwa akininyima raha. Basi mfanyabiashara mmoja wa dagaa aliponitumia picha yake kwenye simu, akasema noti iko kwa mama mmoja wa Kamembe anayetaka kuiuza, sikungoja kushauriwa. Nilimpigia mama huyo nikamwambia: usimwonyeshe mtu mwingine, nakuja.

Jumatatu alfajiri niliondoka Kigoma. Njia fupi ingekuwa kupita Burundi, lakini mpaka wake na Rwanda umefungwa, kwa hiyo nikazunguka Kibondo, Ngara na daraja la Rusumo hadi Kigali, mgongo wangu ukinitukana njia nzima. Baada ya Rusumo nilitaka kutupa ganda la ndizi dirishani. Mama aliyekaa jirani yangu alinishika mkono, maana Rwanda hawatupi taka njiani, akanipa mfuko. Nililibeba lile ganda hadi Kigali kama mtu aliyepewa amana.

Jumatano, baada ya Huye, basi lilianza kupanda kuingia msitu wa Nyungwe. Jamani, msitu! Ukungu ulikuwa umelala barabarani mchana kweupe, na nyani walikaa kwenye kingo za barabara wakitutazama kama maaskari wa usalama. Abiria walivaa makoti, mimi nikajifunika kanga niliyopewa na mke wangu nimpelekee mwenyeji. Msitu ulipoisha tukatokea kwenye mashamba ya chai, kisha kwa mbali nikaiona Kivu na visiwa vyake. Sisi watu wa Tanganyika hatuna desturi ya kusifu ziwa la mwenzetu. Hilo nililisifu.

Jioni hiyohiyo nilishuka Kamembe. Mwenye noti, Maman Noela, alikuwa ananingoja kituoni, mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuita wateja. Huvusha sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, kwenda kuuza Bukavu, na ni mjane.

"Pole na njia, Papa Rajabu. Ulichoka sana? Twende kwanza ukule. Mambo ya makuta itafuata."

Makuta kwao ni pesa. Nyumba yake iko mtelemkoni, na kutoka mlangoni unaziona taa za Bukavu ng'ambo ya maji. Tulikula sambaza wa kukaanga na ugali wa muhogo, nami nikala bila aibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini usiku ule aliyepona ni mgeni.

Kisha akanieleza habari za noti yake. Baba yake alipokwenda kuoa, hakuwa na ng'ombe wa mahari. "Alikuwa mumaskini, lakini kichwa ilikuwa inatumika," Noela alisema. "Alitia faranga mia ku meza, akasema: ng'ombe yangu njo hii, angalieni nundu yake. Batu balicheka mpaka bakakubali." Kwao ni desturi ukweni kuwarudishia maarusi ndama wa ng'ombe yule wa mahari. Ng'ombe wa karatasi hazai, kwa hiyo babu yake Noela, mzaa mama, aliirudisha noti yenyewe. Tangu siku hiyo wazazi wake waliiweka. Waliona njaa, walihama, waliuguza, na hawakuitumia.

"Na sasa unaiuza kwa nini?" nikamuuliza.

Mwanawe Espoir anaoa, akasema. Jumamosi ni siku ya kuposa na kutoa mahari, huko Nkungu, kijijini kwa binti. Siku hizi wengi wanapokea bahasha na kuiita ng'ombe, lakini baba wa binti, Mzee Anasitazi, ni mkulima na amesema anataka ng'ombe wa miguu minne. Noela alikuwa amemwahidi. Mvua zilimharibia samaki, akiba ikaisha, na noti ile ndiyo ilikuwa ng'ombe wake. Alisema hayo yote bila kulalamika hata mara moja. Ng'ombe haelemewi na nunduye.

Akaleta kopo la maziwa ya unga, akafungua kitambaa, akaniwekea noti kwenye kiganja. Alikuwa yeye kweli, bluu, mzima, hana tundu. Lakini alikuwa laini na bapa kama kola ya sare ya shule. Noti inapotoka kiwandani wino wake huwa umeinuka kidogo, kidole kinausikia, na karatasi hulia ukiitikisa. Hii haikulia. Ilikuwa imepigwa pasi, tena si mara moja, na picha ya simu haionyeshi pasi.

"Maman, nani aliipiga pasi?"

"Ni mie," akajibu kwa fahari. "Kila Pasaka. Kesho utaona sababu."

Alhamisi asubuhi alinichukua hadi mpakani, Rusizi ya Kwanza, ambako daraja linavuka kwenda Bukavu. Wanawake walikuwa wanapita na mabeseni vichwani, wachukuzi na magunia, wote wanatembea upesi kama wanaofukuzwa. Pembeni walikaa wabadilishaji fedha, huko huitwa kambisti. Nilimwona mmoja anainua dola ya mama muuza nyanya juu, anaitazama dhidi ya anga, anairudisha. Ilikuwa na mpasuko mdogo kama unywele. Dola ileile, thamani ileile, na haikununua kitu.

"Umeona?" Noela akasema. "Dola ikiwa na kakunjo, banaikatala. Njo sababu tunazifula, tunazipiga pasi."

Akanionyesha wanavyofanya: kitambaa chenye unyevu juu, kitambaa kikavu chini, pasi ya mkaa isiyo moto sana, na maji ya wali kidogo ili karatasi isimame. Wenzake huwa wanamletea zao kwa sababu mkono wake hauunguzi. Mimi nafanya kazi ya vitu vidogo maisha yangu yote, na nakuambieni, mikono ile niliionea wivu.

Lakini bei ni bei. Pale pale, kelele zikiendelea, nikamwambia ukweli huku natazama viatu vyangu. Isingepigwa pasi, mkusanyaji mwenye fedha angeweza kutoa kitu cha kukaribia ng'ombe. Ilivyo sasa, kwa soko letu, ni mbuzi wawili, nami nilikuwa tayari kuwalipa.

Akalitoa lile kopo kwenye kikapu chake, akaitazama noti.

"Nilikuwa naipiga pasi isikataliwe," akasema. "Na njo wewe unaikatala." Halafu akalifunga kopo lake. "Mbuzi mbili haifanyake ng'ombe, Papa Rajabu. Lakini umefika, utakuja ku ndoa."

Ijumaa sikuwa na uso wa kukaa naye nyumbani. Nikateremka Bugarama, ambako joto lilinikumbusha kwetu, nikasali na wakulima wa mpunga, nikatembea kwenye matuta yao hadi mahali unapoliona vumbi la kiwanda cha saruji. Mashamba yamenyooka utasema yamepigwa rula. Niliyasifu kwa mdomo, lakini akilini nilikuwa na lile kopo. Nitasema wazi: nilitumaini kwamba kufikia Jumapili, siku yangu ya kuondoka, atakubali mbuzi.

Jumamosi tulipanda Nkungu. Familia mbili zilikaa zikitazamana chini ya maturubai, migomba nyuma, pombe ya ndizi mbele. Wasemaji walirushiana maneno kwa Kinyarwanda, watu wakacheka, mambo yakaenda vizuri, mpaka ikafika zamu ya mkaguzi. Huko ni desturi: upande wa binti hutuma mtu akawatazame ng'ombe wa mahari, arudi aseme kama ni wazima. Mkaguzi wao alikuwa mzee aliyefanya kazi ya saruji Bugarama, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Akasimama na fimbo yake, akauliza ng'ombe yuko wapi.

Msemaji wetu akainama. Espoir akawa rangi ya majivu. Ndipo Noela akainuka mwenyewe, jambo ambalo wanawake hawalifanyi katika sherehe ile, akaitoa noti, akasimulia habari za baba yake tangu mwanzo. Hakuna aliyecheka. Mzee Anasitazi alikunja uso. Mkaguzi akaipokea noti, akaigeuza, akatazama huku na huku, kisha akanitazama mimi.

"Mgeni, wanasema wewe ndiye unayejua ng'ombe wa namna hii. Ni mzima?"

Nikasimama. Neno moja tu, kwamba ni karatasi iliyoharibika, na ng'ombe angekuwa wangu kwa mbuzi wawili, na Noela angerudi Kamembe na aibu. Shetani hana haraka, aliningoja nijibu.

"Pembe zote mbili zipo," nikasema. "Nundu ipo. Hana jeraha, hana tundu, hajawahi kuibiwa. Kasoro yake ni moja: ameogeshwa kupita kiasi. Mama huyu amemwogesha kila Pasaka. Wanyama wengi wa karatasi nimewaona, sijaona aliyetunzwa hivi."

Mkaguzi akarudi kwa Mzee Anasitazi, akatoa taarifa yake kwa heshima zote, kana kwamba ametoka zizini. Mzee hakuridhika. Akauliza jambo moja, nalo likatafsiriwa: maziwa yake yako wapi?

Noela hakukaa hata kufikiri. "Maziwa yake munaiona. Ni mie. Na huyu mutoto mwenye anaoa."

Watu walipiga makofi upande wote wa pili, na Mzee Anasitazi akawa wa mwisho kuanza na wa mwisho kuacha. Kisha akatoka mghani wao, yule anayesifu ng'ombe katika harusi, akainua faranga mia juu kwa mikono miwili, akamsifu ng'ombe yule wa bluu ukoo wake, pembe zake na mwendo wake, kwa sauti iliyonitoa machozi ingawa sikuelewa hata nusu.

Jioni, kabla hatujashuka, nilishindwa kujizuia. Nilimfuata Mzee Anasitazi na mkaguzi, nikasema: nitakununulia ng'ombe hai, wa miguu minne, mwenye mimba, unipe ile noti.

Mzee akatikisa kichwa, akajibu mwenyewe kwa Kiswahili chake cha kubahatisha. "Ile ni ng'ombe ya mwanangu. Haiuzwe."

Noela alikuwa nyuma yangu.

"Papa Rajabu, Alhamisi ulisema mbuzi mbili."

"Ilikuwa mbuzi wawili."

"Na leo?"

"Leo ni ng'ombe."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ungeisema Alhamisi, ningekuuzia mara moja. Ningekuja hapa na ng'ombe ya kununua, na papa yangu hangekuja na sisi."

Jumapili nilipanda basi la Kigali mikono mitupu. Nyungwe kulikuwa na mvua, na nilipata muda mrefu wa kupiga hesabu zangu upya. Sikumdanganya Noela. Bei niliyomwambia Alhamisi ilikuwa ya haki, mkusanyaji yeyote atanishuhudia. Ya Jumamosi nayo ilikuwa ya haki, na ningeilipa bila kuomba nipunguziwe. Karatasi ni ileile, pasi ni ileile. Alhamisi nilikuwa nimeipima noti. Ng'ombe nilikuwa sijamwona bado.