Kikuku cha Bibi Yake Mageni

Bibi Mageni, mfinyanzi jirani yetu hapa Ushirombo, alizoea kutaniwa sokoni. Akikataa kushusha bei ya chungu huambiwa, "Nenda kwenu, mjukuu wa mtumwa." Walisema bibi yake aliuzwa hapa na msafara wa pwani. Yeye hujibu taratibu kwamba bibi yake aliolewa kwa mahari huko Katanga, akaja kwa miguu na mumewe mchuuzi wa shaba, na amezikwa na kikuku alichovishwa na baba yake. Wakicheka, hufunga vyungu vyake akaondoka.

Mwaka 1953 barabara ilipangwa kupita juu ya kaburi lile, mifupa ikabidi ihamishwe. Mwalimu Athanas, aliyekuwa akichunguza watu wa hapa walitoka wapi, aliomba aandike kila kitakachotoka. Bibi Mageni alinikabidhi ungo nikavioshe vitu mtoni, yeye akabaki na mifupa. Shanga nyekundu, vigae, na kikuku chembamba cha waya wa shaba uliosokotwa, kijani kwa kutu.

Mwanangu Esta ndiyo kwanza alikuwa anasimama. Nilikificha kwenye pindo la kanga. Nyumbani nikakisugua kwa majivu na limau mpaka kikang'aa, nikamvisha.

Alasiri mwalimu alisoma orodha mbele ya watu: shanga, vigae. Shanga za namna ile, akasema, zililetwa na misafara ya pwani. Watu wakacheka. Bibi Mageni aliuchungulia ungo, akaupindua, akauchungulia tena.

Sikustahimili. Kesho yake nilimpelekea mwalimu kikuku. Alikigeuzageuza.

"Mama Esta, hiki ni kama cha dukani. Kingekuwa na kutu yake ningeandika. Sasa nani ataamini kilikuwa kaburini?"

Nikasema nitaapa. Akanirudishia tu.

Bibi Mageni nilimkuta anakanda udongo. Aliitikia shikamoo yangu, nikapiga magoti nikasema yote. Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Akakitazama kikuku mkononi mwangu, kisha mguu wa Esta niliyembeba.

"Kinamtosha?"

"Kinamtosha, bibi."

"Kumbe bibi yangu alivishwa akiwa mdogo hivyo," akasema, akarudia udongo wake.

Siku ya soko walimtania tena. Nilisimama katikati yao nikasema mwizi ni mimi, nikakiinua kikuku wakione. Kiling'aa juani, wakazidi kucheka. Bibi Mageni alikuwa ameshaanza kufunga vyungu.